Laptopu ya Kijani ya Dola 100: Vita ya Windows na Linux Iliyomsahau Mwalimu

Ukitaka kuvuruga amani kwenye kijiwe cha mafundi wa kompyuta, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, tupia swali moja tu: watoto shuleni wafundishwe Windows au Linux? Hapo hapo kinanuka. Wa kwanza atakwambia kompyuta bila Windows ni redio bila betri. Wa pili atakuja juu kwamba Windows zetu nyingi ni za kuchakachua, zimejaa virusi, wakati Linux ni bure na halali. Wa tatu, ambaye anakula kwa "kupiga window", atacheka tu, maana mteja wa Linux hajawahi kumwona mlangoni kwake.

Sasa ubishi huohuo uliwahi kuwaingiza ulingoni watu wazito kweli kweli. Profesa wa chuo kikubwa Marekani, mabosi wa kampuni kubwa kabisa za kompyuta duniani, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa na serikali za mabara matatu. Kilichogombewa ni kompyuta ndogo ya kijani iliyotakiwa kufika mikononi mwa mtoto wa shule ya msingi kijijini. Na katika kelele zote hizo kuna mtu mmoja ambaye karibu hakuna aliyekumbuka kumuuliza. Huyo ndiye aliyekuja kuamua matokeo.

MKONO ULIONG'OKA MBELE YA KAMERA

Novemba 2005, jijini Tunis, Tunisia. Kuna mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa kuhusu intaneti na mawasiliano. Profesa mmoja wa MIT anapanda jukwaani na mashine ya kijani iliyokaa kama mdoli wa dukani. Ahadi yake ni nyepesi kusikika: laptopu moja kwa kila mtoto, bei dola 100. Pembeni ina mkono wa kuzungusha, kama ule wa cherehani ya mezani, ili mtoto asiye na umeme nyumbani azalishe wa kwake mwenyewe.

Katibu Mkuu wa wakati huo, yule mzee wa Ghana, akaishika na kuuzungusha ule mkono mbele ya waandishi wa habari. Haukuchukua muda, ukang'oka. Enzi hizo TikTok haipo, vinginevyo ile klipu ingetembea mpaka leo.

Laptopu zilipoanza kutengenezwa kweli, ule mkono haukuwepo tena kwenye mashine. Yaani jibu la tatizo la umeme, ambalo ndilo liliwavutia watu wengi, liliondoka kimya kimya. Weka hilo kichwani, litarudi.

MTOTO ATAJIFUNZA MWENYEWE

Profesa hakukurupuka. Nyuma yake alikuwepo mzee mwingine, mwanahisabati mzaliwa wa Afrika Kusini, mmoja wa waliobuni Logo mwaka 1967, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto. Hoja ya mzee huyo ilikuwa kwamba mtoto hujifunza vizuri zaidi akiwa anatengeneza kitu chake, siyo akiwa amekaa anamezeshwa. Mpe mashine aichezee, aiharibu, airekebishe, akili itafunguka.

Ni hoja nzuri, na yeyote aliyewahi kumwona mtoto wa miaka mitano akifungua simu ya mama yake bila kufundishwa ataielewa. Lakini ilikuwa na mlango wa hatari. Kama mtoto anaweza kujifunza mwenyewe, basi mwalimu ni wa nini? Profesa aliupita mlango huo bila kugeuka nyuma. Mwaka 2011 alifika mahali pa kusema hadharani kwamba tableti zingeweza kudondoshwa na helikopta kwa watoto, kisha watu warudi baada ya mwaka kuona wamejifunza nini.

Ndiyo maana tangu mwanzo pesa na akili nyingi zilienda kwenye mashine. Mafunzo ya walimu, fundi wa kurekebisha, na mtu wa kushika mradi shuleni vikabaki kuwa mambo ya "tutaona mbele ya safari".

OFA ILIYOKATALIWA

Hapa ndipo umbea wenyewe unapoanza. Mashine ilihitaji mfumo endeshi, ile programu mama ambayo bila yake kompyuta ni plastiki tu. Bosi wa Apple, ambaye kwa sasa ni marehemu, akajitolea kuwapa mfumo wa Mac bure kabisa. Fikiria: kitu ambacho watu wanakusanya mshahara kukipata, unapewa bila senti.

Wakakataa.

Sababu yao ilikuwa ya msimamo. Mfumo wa Apple haukuwa huria. Huwezi kuufungua ndani, kuona umeandikwaje na kuubadilisha. Wao walitaka mtoto aweze kupekua mpaka msimbo wa mashine yake. Wakachagua Linux, na juu yake wakajenga muonekano mpya kabisa walioupa jina la Sugar. Hakukuwa na dawati la mafaili na makabrasha kama uliyozoea. Katikati alikuwepo kijimtu kidogo, kuzunguka kwake michezo na kazi, na kando shajara iliyohifadhi kila alichofanya mtoto.

Bosi mkubwa wa Microsoft naye hakukaa kimya. Machi 2006 aliikejeli hadharani: skrini ndogo, haina diski ngumu, eti watu watafute kompyuta ya maana ambayo maandishi yake yanasomeka, siyo uwe unazungusha mkono huku unaandika. Mtaani hapo mtu angesema wivu. Ila kwa mfanyabiashara ilikuwa hesabu: kama kizazi kizima cha nchi maskini kitaanza maisha na Linux, kesho nani atanunua Windows?

Hofu hiyo haikuwa ya Marekani peke yake, na ndoto ya programu huria haikuwa ya MIT peke yake. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyokuwa inaongea Kiswahili, bure. Microsoft nao hawakuchelewa kuleta Kiswahili kwenye bidhaa zao. Ghafla Kiswahili kikawa mali ya kugombewa. Lakini kozi za kompyuta mtaani ziliendelea kufundisha Word na Excel kwa Kiingereza, kwa sababu matangazo ya kazi yalitaka Word na Excel. Mzazi anayelipa ada ya kozi hanunui falsafa, ananunua cheti.

DOLA 100 IKAWA 188

Turudi kwenye mashine ya kijani. Kifundi ilikuwa kazi safi, na hilo hata maadui zake walikubali. Skrini ilisomeka juani, kitu ambacho simu nyingi za leo zinahangaika nacho. Kibodi ilikuwa ya mpira, vumbi na maji visipenye kirahisi. Ilitumia umeme kidogo sana. Antena zake mbili zilisimama kama masikio ya sungura, na kompyuta moja iliweza kuongea na ya jirani bila kupitia kifaa kingine. Kumbukumbu yake ilikuwa megabaiti 256 na nafasi ya kuhifadhi gigabaiti 1. Leo simu ya bei poa kabisa inaizidi mara nyingi.

Tatizo lilikuwa bei. Profesa alikuwa anapiga hesabu za mamilioni: kila serikali iagize angalau milioni moja ndipo bei ishuke. Viongozi wakapiga picha naye, wakapeana mikono, wakaahidi. Ilipofika kusaini hundi, wengi wakaingia mitini. Kufikia Septemba 2007, bei iliyotangazwa ilikuwa dola 188, na hapo hujaweka usafiri, chaja za sola, intaneti wala mafunzo.

Na washindani walishaamka. Kampuni kubwa ya chipu ilikuja na laptopu yake ya wanafunzi, ikaanza kuwafuata mawaziri walewale. Julai 2007 ikajiunga na bodi ya mradi wa profesa kama vile yameisha. Januari 2008 ikajitoa, kila upande ukimlaumu mwenzake. Ndoa ya miezi sita.

Kwenye maduka ya kawaida nako, mwishoni mwa 2007 zikaanza kuingia zile "mini laptop" za inchi saba. Za kwanza zilikuja na Linux. Microsoft wakaona hatari na kuirefushia maisha Windows XP, iendelee kuuzwa kwenye mashine hizo ndogo hadi 2010. Ndani ya muda mfupi mini laptop nyingi zikawa na Windows. Linux ilipata nafasi dukani, ikanyang'anywa dukani.

WINDOWS INABISHA HODI

Kasheshe lenyewe ni 2008. Mawaziri wa elimu walikuwa wanauliza swali moja lilelile la mafundi wa Kariakoo: ina Windows? Kwao kompyuta ilikuwa Windows, kama ambavyo kwa mtu mwingine kila dawa ya meno ni Colgate. Waliogopa kuwapa watoto kitu ambacho ofisini hakipo.

Profesa akaanza kulegea. Alitaka mashine ziuzwe, na kama Windows ndiyo tiketi, basi iwe hivyo. Upande wa pili, waliojenga Sugar waliona huo ni usaliti. Aprili 2008, mmoja wa vigogo wa mradi, ambaye ndiye alikuwa nguzo ya upande wa programu, akaachia ngazi. Mei 2008 ikatangazwa rasmi: ile mashine ya kijani itaweza kuendesha Windows XP, leseni ikiwa dola 3 hivi kwa kompyuta.

Kumbe hata hapo kulikuwa na kituko. Windows haikutosha kwenye ile nafasi ya gigabaiti 1. Ikabidi ikae kwenye kadi ya kumbukumbu ya kuchomeka. Mtandaoni watu wakachachamaa, wapenzi wa programu huria wakaandika kurasa na kurasa. Kila mtu alikuwa na maoni kuhusu kilichomo ndani ya mashine.

Walioulizia kilichomo ndani ya darasa walikuwa wachache sana.

RWANDA: MASHINE NA LUGHA KWA PAMOJA

Mwaka huohuo wa 2008 laptopu za kijani zilianza kuingia Rwanda. Nchi ilikuwa na ndoto kubwa ya kujijenga kwa teknolojia, na kati ya nchi zote za Afrika ndiyo iliyokwenda mbali zaidi na mradi huu. Miaka michache baadaye zilikuwa zimefika zaidi ya 200,000.

Lakini angalia mwalimu wa shule ya msingi wa wakati huo alikuwa katika hali gani. Mwaka 2008 hiyohiyo serikali iliamua masomo yahame kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Kwa hiyo kuna mtu amefundisha hesabu kwa Kifaransa miaka kumi, leo anaambiwa afundishe kwa Kiingereza ambacho naye anakisoma jioni. Kabla hajashusha pumzi, linaletwa boksi la kompyuta zenye programu asizowahi kuziona, na watoto wanazikodolea macho. Shule nyingi za vijijini hazikuwa na umeme. Na mkono wa kuzungusha, kama ilivyosemwa, uliishia kwenye picha za Tunis.

Mwalimu wa namna hiyo atafanya nini? Atafanya ambacho wewe ungefanya. Kifaa kikiharibika atadaiwa maelezo, kikiibiwa ataitwa ofisini, kikitumika vizuri hakuna anayempongeza. Kabati linafungwa, ufunguo unawekwa mahali salama. Wala si uvivu, ni mtu anajilinda.

Rwanda yenyewe ilijifunza. Kufikia katikati ya miaka ya 2010, laptopu zilikuwa zinaunganishwa Kigali hapohapo, na mpango ukageukia darasa maalumu lenye kompyuta na intaneti, ambalo wanafunzi wanaingia kwa zamu wakiwa na mwalimu wao. Kutoka kompyuta ya kila mtoto mpaka chumba cha shule nzima.

PERU NA URUGUAY: JEZI MOJA, MATOKEO TOFAUTI

Ukitaka ushahidi wa namba, nenda Amerika ya Kusini, ambako mashine nyingi zaidi zilikwenda. Peru ilinunua zaidi ya 800,000. Watafiti wa benki ya maendeleo ya ukanda huo walifuatilia shule 319 za vijijini na kutoa ripoti 2012. Katika hesabu na lugha, watoto wenye laptopu hawakuwazidi wasiokuwa nazo. Kulikuwa na dalili njema kidogo kwenye vipimo vya uwezo wa kufikiri, basi. Shule nyingi hazikuwa na intaneti, na walimu walikuwa wamepata mafunzo haba.

Uruguay ikaenda njia nyingine. Ni nchi ndogo, na hilo lilisaidia. Kufikia 2009 kila mtoto wa shule ya msingi ya serikali alikuwa na laptopu yake, na walimu nao wakapewa. Wakaunda taasisi ya kusimamia, wakavuta intaneti mashuleni, wakapanga namna ya kurekebisha zinazoharibika. Hata huko utafiti wa mwanzo haukuona alama za hesabu na kusoma zikipanda. Ila mradi haukufa. Mashine ya kijani ilipochakaa wakaleta nyingine, wakaongeza masomo ya Kiingereza kwa video, mwalimu wa darasa akiwa palepale chumbani. Corona ilipofunga shule 2020, wao walikuwa na pa kuanzia.

Tofauti ya nchi hizi mbili haikuwa Windows wala Linux. Ilikuwa ni nani anapokea simu mashine ikizima.

KENYA: NGUZO ZILIBAKI

Stori ikahamia jirani. Kampeni za uchaguzi wa 2013 Kenya zilikuja na ahadi tamu: laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ikaishia kwenye mabishano ya kisheria na kufutwa. Mpango ukapangwa upya, laptopu za watoto zikageuka tableti, na 2016 ugawaji ukaanza. Zaidi ya vifaa milioni moja viligawiwa kwenye shule za msingi za umma.

Yaliyofuata unayajua hata kama hukusoma gazeti. Kuna shule zilivitumia vizuri. Kuna shule vilikaa stoo kwa hofu ya wezi. Kuna vilivyokufa betri, na watoto waliokusudiwa wakavuka madarasa bila kuvigusa.

Lakini kuna kitu kimoja watu hawakisemi. Ili tableti zichajiwe, ilibidi shule ziunganishwe umeme, na kati ya 2013 na 2016 maelfu kwa maelfu ya shule za msingi ziliwekewa. Tableti zimechakaa, nguzo bado zimesimama. Taa zinawaka, mtoto anasoma mapema asubuhi, kijiji kinapata pa kufanyia mkutano jioni. Huenda zawadi kubwa ya mradi wa kompyuta Kenya haikuwa kompyuta.

CHEKO LA MWISHO

Na ile vita ya Windows na Linux, nani alishinda? Hapa ndipo utamu ulipo. Wakati wakubwa wanagombania laptopu ya kijani, mwaka huohuo wa 2008 ilitoka simu ya kwanza ya Android. Android imejengwa juu ya Linux. Yule jamaa wa kijiweni anayeapa kwamba Linux ni ngumu, haiwezekani, ni ya wataalamu tu, anaapa huku ameshika Linux mkononi, ameichaji asubuhi na ameiwekea wallpaper ya timu yake.

Kwa hiyo kompyuta ya bei nafuu ya kila mtu ilifika kweli Afrika. Ilifika bila profesa, bila helikopta na bila zabuni ya serikali. Ilifika kwa sababu kila mtaa ulikuwa na fundi, kila kona na duka la vocha, na kila mtu na mtu wa kumwelekeza. Shule nyingi zetu ndizo zilizobaki nyuma ya geti: simu hairuhusiwi, na chumba cha kompyuta kimefungwa.

Tanzania kuna jambo moja la kuangalia kwa jicho la karibu. Baada ya Sensa ya 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa walimu. Havikupelekwa kwa watoto, vilienda kwa walimu. Kwa bahati au kwa makusudi, foleni iligeuzwa, na yule ambaye tangu Tunis 2005 alikuwa anasimama mwisho alipewa kifaa kwanza. Kama mwalimu ana bando, ana mafunzo, na ana ruhusa ya kukosea bila kuitwa ofisini, hapo kuna kitu. Kama hana, ni boksi jingine lenye rangi tofauti.

Mjadala wa mfumo endeshi uendelee, ni mtamu na haumuui mtu. Ila safari nyingine mkubwa yeyote akija na picha ya mtoto anatabasamu na kompyuta mpya, usiishie kuuliza ina Windows au haina. Uliza mwalimu amefundishwa siku ngapi, fundi yuko wilaya gani, na kabati likifungwa nani ana ufunguo.

Haya, tiririka hapo chini: shuleni kwenu chumba cha kompyuta kilikuwa kinafunguliwa kila siku, au mpaka aje mgeni wa wilaya?